Kombe Nililomwandikia Mamako

Salma mwanangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu mamako alipofariki, na huu ni mwaka wa tano. Sikulificha kwa kunyamaza tu. Nilikupa uongo uzibe mahali pake, nawe ukaupokea kwa mikono miwili kwa sababu ulitoka kwangu. Uongo wenyewe unaujua: kwamba vidonge vya tezi ndivyo vilivyomuua mamako, na kwamba daktari aliyempa ndiye muuaji. Umeusema mbele ya watu mara nyingi, nami nimekaa pembeni nikiinamisha kichwa, watu wakidhani ni huzuni.

Kesho unakwenda Nyahururu kufundisha, na ndani ya mkoba wako hakuna kidonge hata kimoja. Niliupekua ulipotoka kwenda Shela kuagana na khalati yako, dada wa mamako. Ukitaka kunikasirikia kwa hilo, subiri kwanza umalize kusoma. Hasira yako utaihitaji mbele.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za mtu wa kupanga naye nyumba. Khalati yako ameyasema hayo tangu juzi, na atayarudia kesho hadi utie mguu kwenye boti. Mimi nina jambo moja, na pumzi zangu si nyingi. Nikipanda ngazi ya kwenda darini napumzika mara tatu, na mkono huu uliokuwa ukisifiwa kwa hati yake sasa unatetemeka kama unavyoona.

Mwaka jana ulipopimwa damu ukaambiwa tezi yako ya shingo imelegea kama ya mamako, nilikuwa nimekaa nawe kwenye benchi la hospitali. Wewe unafundisha kemia, huna haja ya mzee kukueleza kwamba tezi ile ndiyo inayotoa homoni ya kuuendesha mwili, na ikipungua kila kitu hupungua nayo: joto, nguvu, kumbukumbu, hata sauti. Ukapewa vidonge vya dozi kubwa tangu siku ya kwanza. Siku ya kumi ukasema moyo unadunda hadi masikioni na usingizi umekukimbia. Siku ya kumi na mbili ukavitupa baharini mbele ya macho yangu, ukasema, "Mimi hawataniua kama walivyomuua Mama." Nami niliyekuwa na neno la kukuzuia nikasema, "Basi, mwanangu, pumzika."

Tangu siku hiyo nakutazama. Watu wanajipepea kwa joto, wewe umevaa soksi. Nywele zako nazikuta kwenye sakafu ya ukumbi. Unaanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi na kalamu inakuanguka mkononi. Sauti yako imeanza kukwaruza, na nikikusikia ukiita kutoka jikoni nashtuka, maana ni sauti ya mamako ya mwaka ule.

Halafu wiki iliyopita ukaniletea sahani.

Ulikuja baada ya alasiri na sahani nyeupe ya kaure, chupa ya marashi, na zafarani kidogo kwenye karatasi, ukaviweka mbele yangu. "Baba, najua umeacha," ukasema. "Lakini niandikie na mimi kombe, kama ulivyokuwa ukimwandikia Mama." Nikakataa. Ukaniuliza kwa nini watu wa mtaa mzima niliwaandikia aya kwenye sahani, wakaosha wino wakanywa, na wewe mtoto wangu nakunyima. Nikakufokea kwamba mkono hauwezi. Ulikwenda jikoni ukalia na nilikusikia. Hukujua unaomba nini. Sasa nitakuambia.

Nianze na yule mganga wa kwanza wa hospitalini, kwa sababu kwake hasira yangu bado ni halali. Mamako alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu, na moyo wake ulijulikana kuwa dhaifu tangu alipokuzaa wewe. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili. Yule bwana hakulifungua faili. Aliangalia karatasi ya maabara, akaona homoni ziko chini, akaandika kidonge cha mikrogramu mia, kizima, kuanzia kesho yake. Ni kama mtu aliyelala kitandani mwaka mzima kuamshwa akaambiwa abebe gunia la mchele mpaka Mokowe. Wiki mbili mikono yake ilitetemeka hata chai ikimwagika kwenye kisahani. Alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kitanda ameshika kifua.

Nikamrudisha. Yule bwana hakuinua uso. Akasema, "Mama, dawa hii ni nzuri. Shida yako ni wasiwasi."

Mamako alikuwa amelea watoto wa ndugu zake watatu na kumuuguza mamangu mpaka akamfumba macho. Hakuwa mtu wa wasiwasi. Tulipofika nje akasimama akaegemea ukuta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Salma, yeo nimeambiwa moyo wangu waongopa." Akaapa kwamba vidonge vile havitapita tena kinywani mwake.

Nawakasirikia wengine pia. Namkasirikia jirani aliyesema ni jini. Namkasirikia binamu yangu aliyemletea chupa ya maji ya mwani, ati tezi inataka chumvi ya bahari, na shingo ikazidi kuvimba, naye aliposikia akasema hakunywa ya kutosha. Nawakasirikia wanawake waliokuja kumtazama wakatoka wakisema Bi Rukia anajidekeza. Na katika orodha hiyo nimo mimi. Siku moja alisinzia kwenye kibao cha mbuzi, mkononi ana kifuu cha nazi, wali ukaungua, nami nikamwambia, "Umekuwa mvivu siku hizi." Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye shahada iliyotiwa fremu ukutani. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Baadaye niliona aibu, na aibu kwangu ilikuja na vitabu. Nilisoma. Niliagiza kitabu Mombasa, nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma, nikajiona nimekuwa daktari. Nilifahamu kwamba bila homoni ile mamako atazidi kuzama. Hilo lilikuwa kweli. Nikafahamu kwamba dawa ni ile ile na hakuna njia ya kuikwepa. Hilo pia lilikuwa karibu na kweli. Nilichokosa kuona ni kwamba mwenye mwili alikuwa na haki ya kuulizwa.

Dawa aliikataa, lakini kombe hakulikataa. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akilisubiri. Kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, alikuwa akikaa kwenye daka, baraza ya ndani ya mlango, na kanga begani, nami ninaandika. Wino wa zafarani, aya za shifaa, kisha marashi na maji, kisha glasi. Alikuwa akisema bismillahi, anakunywa yote, anajifuta uso kwa matone yaliyobaki.

Nilikuwa nikisaga kidonge, cha aina ile ile aliyoikataa, nilichokinunua duka la dawa, kwa mgongo wa kijiko, ndani ya chumba cha vitabu, kabla hajaamka. Unga wake ni mweupe, lakini zafarani huufunika.

Umesoma ulivyosoma. Sijakosea kuandika. Nilitia dawa ndani ya maneno ya Mungu, nikampa mke wangu aliyeapa kutoinywa, na nikasema amina pamoja naye.

Nilianza na nusu ya kidonge kwa woga, na bila kujua nilikuwa nimegusa jambo la kweli: mwili wake ulichotaka ni kuanza kidogo, hatua kwa hatua. Moyo haukupiga mbio. Baada ya mwezi miguu iliyokuwa imevimba ilinywea, viatu vikamwingia. Siku moja nikamsikia anakucheka wewe ulipounguza mkate wa mofa, kicheko kile chake cha puani, nikaenda kujifungia nikalia kwa furaha. Yeye akawaambia watu wote kwamba kombe la bwana wake limemponya. Watu wakaja na sahani kutoka mtaa wa pili na wa tatu. Bwana mmoja alivuka kutoka Kizingitini na mke wake aliyekuwa na kifafa. Niliwaandikia wote, na nikakubali sifa. Hakuna aliyepewa kidonge ila mamako, lakini sifa zote zilijengwa juu ya kidonge kile. Nikaonja utamu wake.

Wakati huo ndipo alipoletwa Daktari Naliaka. Wewe unamjua kwa sura tu, na kwa jina baya tulilompa. Mamako alikwenda kwake kwa kikohozi, na yule binti wa bara akafanya lile ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alilifungua faili akalisoma, akamuuliza vidonge vya kwanza vilimfanya nini, akangoja jibu. Mamako alimwambia yote. Naye hakusema ni wasiwasi. Alisema dozi ilikuwa kubwa mno kwa moyo ule, na kwamba kama yuko tayari wataanza upya na kidonge kidogo kuliko vyote, tena nusu yake, na hakuna kupanda bila kupima damu. Alipompima alikuta homoni bado ziko chini kidogo, kwa sababu nusu yangu haikutosha. Mamako akakubali. Ila alimwomba jambo moja, kwamba mimi nisijue. Alisema bwana wake amepata heshima kubwa mjini kwa kombe lile, na hataki kumwaibisha.

Kwa hiyo nyumba moja, mume anamfichia mke vidonge kwenye kombe, na mke anamfichia mume vidonge kwenye mkunjo wa kanga. Na mwezi huo huo, nilipoona anaendelea vizuri, niliacha nusu nikaanza kusaga kizima.

Mikono ikaanza kutetemeka tena. Akakonda. Usiku alikuwa akihesabu mapigo yake kwa tasbihi. Daktari alipima damu, akapigwa na butwaa, akaniita. Tulikaa watatu katika chumba kile kidogo chenye pazia la kijani. Hapo ndipo nilipojua habari ya vidonge vyake vya siri, na damu ikanipanda kichwani. Badala ya kuogopa, nilikasirika kwamba mke wangu amenificha. Mimi.

Daktari akasema, kwa adabu kuliko nilivyostahili, "Mzee, kipimo nilichompa mama hakiwezi kuleta namba hizi. Lazima kuna kitu kingine anachomeza. Ameniambia ni kombe tu. Ndani ya kombe kuna kitu chochote?"

Nikamjibu, "Kuna maneno ya Mungu, binti. Nayo mnataka kuyapima maabara?"

Akainamisha macho. Akasema, "Samahani, mzee, sikukusudia hivyo." Alikuwa mgeni, si Mwislamu, na mimi nililijua hilo nilipochagua maneno yangu. Niliishika Qurani nikajikinga nayo kama mwizi anayeingia msikitini akikimbizwa.

Na mamako akasema, akimtetea bwana wake aliyefedheheshwa, "Baba Salma hanidanganyi, daktari."

Wiki tatu baadaye alianguka asubuhi akitandika mkeka. Unakumbuka, wewe ndiye uliyemfikia kwanza. Nami kwenye matanga, mbele ya wanaume waliokaa barazani, nilisema kwamba vidonge vya yule binti wa bara ndivyo vilivyomuua. Nilisema mara moja tu. Haikuhitaji mara ya pili.

Siku ya tatu alikuja. Alikuwa amejifunika mtandio, ameshika kifurushi cha sukari na majani ya chai kama alivyofundishwa na mtu. Wewe ulisimama mlangoni. Akasema, "Nilimpenda mama yako." Ukamwambia, "Umekuja kuangalia kazi yako?" Ukafunga mlango. Nilikuwa dirishani juu, nimesikia kila neno. Nilimwona amesimama kwenye uchochoro na kifurushi chake, asijue akiweke chini au arudi nacho. Arubaini haikwisha akahamishwa. Mji huu ulipoteza daktari pekee niliyemwona akifungua faili, na aliyemwondoa ni mimi, na wewe nilikutumia kama bawabu wangu.

Katika sanduku la kanga za mamako nilikuta karatasi aliyoandikiwa na yule daktari, kwa Kiswahili safi, herufi kubwa ili aisome bila miwani. Nimeibandika nyuma ya barua hii. Isome kama mwalimu wa kemia, si kama yatima. Amemwandikia anywe kidonge na maji matupu asubuhi, akae saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya kuongeza damu avisogeze mbali, saa nne baadaye, kwa sababu chuma na maziwa huizuia dawa isiingie mwilini. Wewe siku moja ulimeza na maji, siku ya pili na chai ya maziwa, na vya damu juu yake. Hata mwenye moyo wa chuma angeyumba. Amemwandikia asiviweke dirishani penye joto, na asibadilishe aina ya kidonge bila kumwambia, kwa maana viwanda havifanani. Amemwandikia damu ipimwe baada ya wiki sita ndipo dozi ipande, na ipande kidogo. Moyo ukipiga mbio asivumilie na asiache kimya kimya; arudi, wapunguze, waanze tena. Na mwisho ameandika: "Mama, niambie kila kitu unachomeza, hata kama unadhani si dawa." Mamako alilitimiza hilo. Alimwambia yote aliyoyajua.

Sikuombi msamaha. Mamako, nitakayekutana naye karibuni, ndiye nitakayemwomba, na sijui nitaanzia wapi. Wewe nakuomba jambo moja. Ukifika huko, kabla hujafungua sanduku, tafuta hospitali. Waambie mamako alikuwa na maradhi haya, kwamba ulipoanzishwa na dozi kubwa moyo ulikushinda, na kwamba unataka kuanzia chini. Atakayekuambia ni wasiwasi, inuka kwenye kiti chake umtafute mwingine, na mwingine baada yake. Mamako hakuinuka kwa sababu ya adabu, na mimi sikuinuka kwa niaba yake kwa sababu nilidhani mimi najua zaidi. Usikubali mtu akutibu bila wewe kujua, hata akikupenda. Hasa akikupenda.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili. Ni ya Daktari Naliaka. Sijaifunga, isome, kisha uipe karani wa hospitali asubuhi unapopita. Ameahidi kuifikisha alikohamishiwa. Nimeandika jina langu kamili, na jina la msikiti ninaosali, na kwamba anaweza kuionyesha kwa yeyote amtakaye.

Limebaki moja. Nimelizunguka tangu mwanzo wa barua, na jua linashuka, na nasikia mtu anakusalimu uchochoroni.

Utajiambia kwamba labda ilikuwa ajali. Kwamba babako hakujua, kwamba wawili walifichana wakagongana gizani. Ungependa iwe hivyo, nami miaka mitano nimejaribu kuifanya iwe hivyo. Lakini siku ile kwenye chumba cha pazia la kijani, daktari alituonyesha namba zikiwa zimeandikwa kwa wino mwekundu, akatueleza kwamba moyo wa mamako hautastahimili homoni kiasi kile. Akavichukua vidonge vyake vidogo kutoka mkononi mwa mamako, akavitia kwenye droo yake, akasema asimeze tena hata kimoja mpaka moyo utulie. Nilielewa kila neno. Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira kwamba nusu ya kupona kwake ilikuwa ya yule binti, na nilitaka mji uone, na mamako aone, kwamba lililomponya ni langu peke yangu.

Asubuhi yake, mwanangu, sikusaga kidonge kimoja. Nilisaga kimoja na nusu, na nikaendelea hivyo kila siku mpaka siku aliyoanguka.